Glastonbury, Roskilde, Coachella au Burning Man: kuchagua tamasha kwa mizani ya biashara na mizani ya mazingira

Mtu anayetaka kutumia akiba na siku zake za mapumziko katika tamasha kubwa la muziki la uwanja wa wazi, na ambaye hataki dhamiri imsute akiwa njiani kurudi, kwa kawaida hujiuliza swali moja tu: ni tamasha lipi ambalo bado halijamezwa na biashara? Huamini kwamba akishalipata hilo, atakuwa amepata pia tamasha linalotunza mazingira, kana kwamba tangazo la bia na moshi wa dizeli hutoka katika bomba moja. Baada ya kuyaweka matamasha manne makubwa ubavu kwa ubavu, na kuyapima pamoja na mengine mawili ambayo nitayatumia kama mawe ya mizani, nimeona kwamba hayo ni maswali mawili, na kwamba majibu yake mara nyingine hukinzana. Kuna tamasha ambalo ndani ya uzio wake karibu hakuna kinachouzwa, na bado kufika kwake kunateketeza mafuta mengi kuliko kufika katika tamasha lililojaa vibanda vya bia.

Kwanza ni vizuri kuondoa dhana kwamba zamani matamasha haya hayakuwa biashara. Woodstock la Agosti 1969, ambalo hutajwa kila mara kama enzi ya usafi, liliandaliwa na watu waliokusudia kupata faida, na tiketi zipatazo 186,000 zilikuwa zimeuzwa kabla ya siku yenyewe. Lilikuja kuwa la bure kwa sababu uzio haukukamilika kwa wakati na umati ukafurika, si kwa sababu waandaaji waliamka asubuhi wakiwa wameichukia fedha. Miaka thelathini baadaye jina hilohilo lilitumika tena katika kituo cha zamani cha jeshi la anga mjini Rome, katika jimbo la New York, ambako chupa ya maji iliuzwa dola 4 chini ya jua kali, juu ya lami, na usiku wa mwisho sehemu za uwanja zikawaka moto. Kutokana na hilo nimejiwekea kipimo cha kwanza: kuuza si kosa, bali inafaa kutazama kama tamasha linauza kitu ambacho mtu hawezi kukikwepa, kwa bei ambayo hawezi kuikataa. Matamasha yote manne ninayoyalinganisha hapa yanampa mtu maji ya kunywa bure au humruhusu kuja na yake, na kwa hiyo yote yanavuka kizingiti hicho.

Nani anauza, na faida inaishia wapi

Coachella ndilo rahisi kueleza, kwa sababu halijifichi. Lilianza Oktoba 1999 katika viwanja vya mchezo wa polo mjini Indio, California, chini ya Goldenvoice, ambayo tangu 2001 ni mali ya kampuni kubwa ya burudani ya AEG. Hupokea hadi watu 125,000 kwa siku, na tangu 2012 hurudiwa kwa wikendi mbili mfululizo likiwa na orodha ileile ya wasanii. Mwaka 2017 lilipata mapato ya dola milioni 114.6 na kuwa tamasha la kwanza linalofanyika kila mwaka kuvuka dola milioni 100. Jarida la Billboard liliripoti kwamba takriban asilimia 60 ya walionunua tiketi za kawaida za mwaka 2025 walilipa kwa awamu, jambo linaloonyesha kwamba wengi wa wahudhuriaji si matajiri wanaopigwa picha kila mwaka. Ndani ya viwanja kuna jumba la kampuni ya bia na vibanda vya kila aina ya chapa, na kwa miaka kadhaa kampuni ya mavazi ya H&M iliuza mkusanyiko wa nguo wenye jina la tamasha hilo. Jambo hilo la nguo naliona zito kuliko mabango yote ya bia kwa pamoja, kwa sababu nguo inayonunuliwa kwa ajili ya siku tatu na picha zake ni taka ambayo haihesabiwi katika taarifa yoyote ya tamasha. Hutupwa miezi baadaye, katika mji mwingine, na mtu ambaye ameshasahau aliinunua kwa ajili gani. Mmiliki wa AEG, Philip Anschutz, alipata utajiri wake wa awali katika mafuta na gesi, lakini kampuni nyingine yake ndiyo inayoendesha mradi wa mitambo mingi ya upepo huko Wyoming, kwa hiyo anayetaka kumhukumu kwa neno moja atapata shida.

Burning Man liko upande wa pili kabisa. Lilianza mwaka 1986 kwenye ufuko mmoja wa San Francisco, likahamia jangwa la Black Rock, Nevada, mwaka 1990, na mwaka 2004 mwanzilishi wake Larry Harvey aliandika kanuni kumi ambazo mojawapo inakataa kugeuza mambo kuwa bidhaa na nyingine inataka watu wasiache alama yoyote ardhini. Hakuna wadhamini, hakuna nembo, na washiriki wengi hufunika hata jina la kampuni iliyowakodisha lori. Wanaosisitiza maana ya maneno watasema kwamba hilo si tamasha la muziki, kwa kuwa hakuna msanii anayelipwa na waandaaji kupanda jukwaani, ila muziki hausimami usiku na mchana na ndiyo sababu wengi huenda. Kitu ambacho waandaaji bado wanauza ni barafu. Hata hivyo tiketi ya kawaida ya mwaka 2023 iligharimu dola 575, kibali cha gari kikilipiwa pembeni, na kila kitu ambacho hakiuzwi ndani ya jangwa lazima kinunuliwe nje: maji ya wiki nzima, miwani ya vumbi, baiskeli, betri, mahema, chakula cha makopo. Biashara haikufa, ilihamia Reno, mji mkubwa ulio karibu na jangwa hilo, katika maduka makubwa ambayo mwisho wa Agosti huuza baiskeli za bei nafuu kwa wingi. Pia kumezuka kambi za matajiri ambamo watumishi wa kulipwa hujenga, hupika na kuosha, ili mgeni afike na sanduku lake tu, na waandaaji wamelazimika kuzibana baadhi yake.

Kati ya ncha hizo mbili kuna Glastonbury. Michael Eavis, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika shamba la Worthy, huko Somerset, Uingereza, aliandaa tamasha la kwanza Septemba 1970, siku moja baada ya kifo cha Jimi Hendrix, kwa kiingilio cha pauni 1 pamoja na maziwa ya bure. Tiketi ya mwaka 2025 iligharimu pauni 373.50, bila ada ya kuihifadhi. Kampuni za simu zimekuwa washirika wake, EE na kisha Vodafone tangu 2023, na BBC hurusha matangazo yake, lakini jukwaa kuu bado linaitwa la Piramidi na halijapewa jina la kampuni yoyote. Mashirika ya hisani na mazingira ya Greenpeace, Oxfam na WaterAid hupokea fedha kutoka kwake na pia hufanya kazi ndani yake, wafanyakazi wa kujitolea wa Oxfam wakiwa langoni na wa WaterAid wakiwa kwenye maji na vyoo. Tiketi humalizika kabla orodha ya wasanii wakuu haijatangazwa. Chema chajiuza, walisema wazee, na tamasha ambalo halihitaji kujitembeza lina nguvu ya kumkatalia mdhamini. Tamasha linalopungukiwa wateja halina nguvu hiyo, hata waandaaji wake wakiwa na nia njema namna gani.

Roskilde, nchini Denmark, lilianza mwaka 1971, na tangu mwaka uliofuata linaendeshwa na taasisi isiyo ya faida, ambayo ziada yake yote hutolewa kwa shughuli za watoto, vijana na utamaduni. Hukusanya watu wapatao 130,000, na kati yao karibu 30,000 ni wa kujitolea. Lina wadhamini, na bia hutiririka humo kama mto. Ila hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio, na kwa kipimo changu hilo lina uzito kuliko idadi ya mabango, kwa kuwa bango humkera mtu kwa siku nne, ilhali gawio huamua sera ya mwaka mzima.

Umiliki wa aina hii ni jambo la kukaguliwa upya kila mwaka, kwa sababu tamasha linaweza kubadilisha mikono bila kubadilisha jina wala rangi za bango lake. Mwaka 2024 kampuni ya uwekezaji ya KKR ilinunua Superstruct, iliyokuwa ikimiliki wakati huo matamasha mengi ya Ulaya yakiwemo Sziget la Hungary na Sónar la Hispania. KKR imewekeza pia katika Coastal GasLink, bomba la gesi nchini Kanada. Mwaka 2025 wasanii kadhaa walijitoa katika matamasha ya kundi hilo, hasa kwa sababu ya uwekezaji wake nchini Israeli. Mnunuzi wa tiketi aliyekwenda mwaka mmoja kabla angeapa kwamba hakuna kilichobadilika uwanjani, na angekuwa amesema kweli.

Anayebaki na ardhi muziki ukizimwa

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kuhusu tamasha lolote, ningeuliza ni nani anayeamka kwenye ardhi ile siku watu wakishaondoka. Katika Glastonbury jibu ni ng'ombe. Kigingi cha hema kilichosahauliwa kwenye nyasi kinaweza kumuumiza au kumuua ng'ombe anayekimeza, na ndiyo maana msisitizo wa kuokota kila kitu pale haukuanza na kampeni ya mazingira. Ulianza na mfugaji aliyetaka mifugo yake ibaki hai. Kila baada ya miaka kadhaa shamba hupumzishwa na tamasha halifanyiki, kama ilivyokuwa mwaka 2006, 2012 na 2018. Kampuni inayowajibika kwa wenye hisa ingeona vigumu sana kuacha mapato ya mwaka mzima ili nyasi ziote.

Hilo halimaanishi kwamba shamba la Worthy halichafui. Mwaka 2014 tangi la majitaka lilivuja na kuchafua mto Whitelake unaopita pale, samaki wakafa, na mwaka 2016 mahakama ikaamuru tamasha lilipe faini ya pauni 12,000 na gharama za kesi pauni 19,000. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor walipima maji ya mto huohuo na kukuta mabaki ya dawa za kulevya, kokeini na MDMA, ambayo yaliongezeka wakati wa tamasha na mara baada yake, kwa sababu ya watu wanaojisaidia popote badala ya kutembea hadi chooni. Mtu anapokusudia kwenda tamasha lenye watu zaidi ya 200,000, awaze vyoo kabla ya kuwaza nishati. Vyoo vya mboji vya Glastonbury, ambavyo havitumii maji wala kemikali, vimekuwa na sifa kuliko vile vya plastiki vinavyojulikana na kila aliyewahi kupanga foleni, na kwa maoni yangu vimeokoa mto ule kuliko hotuba yoyote.

Waandaaji wa Burning Man hawamiliki uwanja. Ni ardhi ya umma chini ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya Marekani, na kibali cha kila mwaka kina sharti ambalo nalipenda kwa ukali wake: baada ya tamasha, taka zilizobaki zisizidi wastani wa futi moja ya mraba kwa kila ekari. Ili kulitimiza, watu wa kikosi cha usafi hubaki jangwani kwa wiki kadhaa wakitembea kwa mistari na kuokota hata kipande cha uzi, kisha hutoa ramani yenye rangi ya kijani, njano na nyekundu inayoonyesha kambi ipi iliacha nini. Kambi iliyopata nyekundu hujulikana na inaweza kukosa nafasi mwaka unaofuata. Sijaona tamasha la kibiashara linalothubutu kuwaaibisha wateja wake hadharani namna hiyo, na sababu iko wazi: mteja hukasirika akiaibishwa, lakini mshiriki hujirekebisha.

Tatizo lake huanza uzio unapoisha. Kwa kuwa tamasha halina mapipa ya taka, kila mtu anaondoka na uchafu wake, na baadhi hawafiki nao nyumbani. Mifuko hutupwa kando ya barabara na kwenye mapipa ya maduka ya watu katika miji ya Nevada, hali iliyolalamikiwa sana mwaka 2023 baada ya mvua kubwa kugeuza jangwa kuwa tope. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jangwa hubaki safi, kisha mwenye kituo cha mafuta ndiye anayelipia kuzoa. Mwaka huohuo wa 2023, shirika linaloendesha Burning Man lilikuwa mahakamani likipinga utafutaji wa nishati ya jotoardhi karibu na Gerlach, mji mdogo ulio jirani na jangwa hilo. Kulikuwa na hoja za haki kuhusu chemchemi na wakazi, ila picha ya tamasha linaloendeshwa kwa maelfu ya jenereta likipinga nishati jadidifu ni ngumu kuitetea mezani.

Kuhusu ardhi ya Coachella yatosha kusema kwamba ni nyasi za kumwagiliwa katikati ya jangwa, na kwamba zingemwagiliwa hata kama muziki usingekuwepo, kwa ajili ya farasi. Roskilde hutumia viwanja vya maonyesho ya kilimo na mashamba yanayovizunguka. Huko mwaka 2015 zilikusanywa lita zipatazo 54,000 za mkojo wa wahudhuriaji zikatumika kama mbolea ya shayiri, na shayiri hiyo ikatengenezewa bia iliyouzwa mwaka 2017. Wapo watakaolichukulia hilo kama kichekesho cha matangazo. Mimi naliona kuwa jibu la moja kwa moja kwa tatizo lilelile lililouchafua mto Whitelake.

Chupa, vikombe na mahema

Glastonbury lilipiga marufuku uuzaji wa vinywaji katika chupa za plastiki za kutumia mara moja mwaka 2019, baada ya tamasha la 2017 kuuza zaidi ya chupa milioni moja, na David Attenborough, mtangazaji mashuhuri wa vipindi vya maumbile, akapanda jukwaa la Piramidi kuwashukuru watu. Waandaaji walisema mwaka huo asilimia 99.3 ya mahema yalichukuliwa na wenyewe. Idadi hiyo ni ya kushangaza ukiilinganisha na hali ya jumla: chama cha matamasha huru cha Uingereza kilikadiria mwaka huohuo kwamba mahema 250,000 huachwa kila mwaka katika matamasha ya nchi hiyo, sawa na tani karibu 900 za plastiki. Wengi wanaoyaacha huamini kwamba mashirika ya hisani yatayaokota na kuyagawa, kumbe mengi huishia kufukiwa au kuchomwa.

Hapa ndipo Roskilde linaposhindwa waziwazi. Desturi ya kukaa kambini kwa zaidi ya wiki, kuanzia siku kadhaa kabla ya muziki mkuu, imejenga utamaduni wa mahema ya bei ya chini, viti na magodoro yanayoachwa yalipo siku ya mwisho, na nadharia yote ya kutafuta faida kuwa chanzo cha uchafu inagonga mwamba mbele ya uwanja ule. Lina mfumo mzuri wa amana, ambapo anayerudisha kikombe au chupa hurudishiwa fedha, kiasi kwamba wapo wanaokuja mahususi kuviokota ili wapate riziki. Lina pia eneo la kambi ambalo wakazi wake huahidi kuondoka na kila kitu. Anayechagua Roskilde aombe nafasi katika eneo hilo, la sivyo ajiandae kuona asubuhi ya mwisho ambayo haitamfurahisha.

Coachella nalo limekuwa na utaratibu wake, ambapo aliyeleta chupa kumi tupu alipewa moja ya maji. Ulisafisha viwanja kweli, ingawa sikuwahi kuelewa mantiki ya kumzawadia mtu plastiki kwa kuokota plastiki. Pamoja na hayo, jambo moja la kibiashara hulisaidia: kwa kuwa lina wikendi mbili, majukwaa hujengwa mara moja na kutumiwa mara mbili, kwa hiyo malori na vyuma hugawanywa kwa watu wengi zaidi.

Safari ndiyo inayoamua

Yote niliyoyalinganisha hadi hapa ni sehemu ndogo ya hesabu. Taarifa ya sekta ya matamasha ya Uingereza iliyotolewa mwaka 2015 ilikadiria kwamba safari za wahudhuriaji zinaweza kuchangia hadi asilimia 80 ya hewa ukaa ya tamasha. Kwa Burning Man waandaaji wenyewe wamekiri kwamba safari za kwenda na kurudi huchukua zaidi ya asilimia 90. Haishangazi, kwani uwanja uko zaidi ya kilomita 150 kutoka Reno, watu hutoka mabara yote, kila kambi hubeba maji na chakula chake, na kuna uwanja wa ndege wa muda unaopokea hata ndege za binafsi. Mwaka 2019 shirika hilo lilijiwekea lengo kwamba kufikia 2030 liwe linaondoa hewa ukaa nyingi kuliko inayoitoa. Agosti 2023 wanaharakati walifunga barabara ya kuingilia wakidai, pamoja na mambo mengine, ndege za binafsi zipigwe marufuku, na foleni ya magari ikaenda kwa kilomita kadhaa. Naukubali udhati wa lengo hilo, lakini sioni kanuni yoyote kati ya zile kumi inayoweza kulisogeza jangwa karibu na reli.

Tamasha la Boom, nchini Ureno, ambalo ni jiwe langu la kwanza la mizani, huonyesha fumbo hilo kwa udogo wake. Halipokei wadhamini wa makampuni, vyoo vyake ni vya mboji, na limepata tuzo za mazingira. Lakini liko Idanha-a-Nova, mbali na pwani, karibu na mpaka wa Hispania, na wapenzi wake hutoka zaidi ya nchi mia moja. Wengi hufika Ulaya kwa ndege. Ukimlinganisha mmoja wao na kijana wa Los Angeles aliyejibana na wenzake watatu katika gari moja kwenda Coachella, kijana huyo ndiye aliyeharibu kidogo zaidi, hata akiwa amevaa kofia ya mdhamini.

Roskilde lina faida kubwa hapa. Liko kama kilomita 35 kutoka Copenhagen, na wakati wa tamasha treni husimama kwenye kituo maalumu kando ya kambi. Anayetoka Sweden au kaskazini mwa Ujerumani anaweza kufika bila kupanda ndege. Glastonbury hufuatia: kuna treni hadi kituo cha Castle Cary, mabasi ya bure hadi langoni, na tiketi zinazouzwa pamoja na nafasi ya basi kutoka miji mingi, ambazo kwa kawaida huanza kuuzwa kabla ya zile za kawaida. Hata hivyo barabara za Somerset hujaa magari kila Juni. Coachella limejaribu kuwavuta watu kwa zawadi, ambapo gari lenye watu wanne au zaidi liliweza kushinda tiketi za maisha, na hutoa mabasi yake, lakini limejengwa katika nchi ya gari na haliwezi kulikwepa gari.

Nishati ya majukwaa, ambayo matamasha hupenda kuitangaza, ina nafasi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Glastonbury lilisema mwaka 2023 kwamba jenereta zake zote zilitumia mafuta yasiyo ya kisukuku, na shambani kuna paneli za jua juu ya banda la ng'ombe pamoja na mtambo wa biogesi. Ni hatua nzuri, ila isimfanye mtu asahau ndege aliyopanda kuja kuitazama.

Jiwe la pili la mizani ni tamasha la siku moja ambalo kundi la Massive Attack liliandaa mjini Bristol tarehe 25 Agosti 2024, kwa watu wapatao 34,000. Majukwaa yaliendeshwa kwa betri zilizochajiwa kwa umeme jadidifu, chakula chote kilitokana na mimea, wakazi wa karibu walipewa nafasi ya kununua tiketi mapema, maegesho ya magari hayakuwepo, na treni za ziada zilipangwa kwa ajili ya kurudi usiku. Kilichobaki akilini mwangu ni maegesho. Kila tamasha jingine katika ulinganisho huu hupata fedha au urahisi kwa kukubali magari, na kuyakataa ni uamuzi wa kibiashara kuliko uamuzi wa kisanii.

Kwa nani, lipi

Ningepanga uamuzi kwa mtiririko huu: kwanza umbali na njia ya kufika, pili mwenye ardhi na mwenye faida, tatu taka, na mwisho kabisa mabango ya wadhamini, ambayo ndiyo watu wengi huanza nayo kwa sababu yanaonekana.

Anayeishi Ulaya ya Kaskazini achague Roskilde, asafiri kwa treni, na akae katika kambi ya waahidi. Anayeishi Uingereza hana sababu ya kupita Glastonbury iwapo atapata tiketi ya basi, na akiikosa atafute tamasha dogo lililo karibu na kituo cha treni kabla ya kufikiria gari lake. Anayeishi magharibi mwa Marekani ana chaguo gumu zaidi. Burning Man litamfundisha kuokota uzi ardhini, jambo ambalo Coachella halitamfundisha kamwe, lakini asiende jangwani isipokuwa kwa gari lililojaa watu na vifaa vya kuazima, akiwa na mpango wa kufikisha taka zake hadi nyumbani kwake mwenyewe. Kama hana hayo, Coachella kwa gari la watu wanne na nguo alizo nazo kabatini lina madhara madogo zaidi, ingawa atalazimika kuvumilia kuuziwa kila anapogeuka. Kwa anayetoka bara jingine, hakuna hata moja kati ya haya manne linaloweza kuhesabiwa kuwa la kijani, na ni afadhali akubali kwamba anakwenda kwa ajili ya muziki, akae kwa muda mrefu, na asirudie kila mwaka.

Aliyebaki akisita kati ya Glastonbury na Roskilde atazame kalenda. Mwaka 2026 ni zamu ya shamba la Worthy kupumzika, na malisho yatakuwa ya ng'ombe peke yao.